Twiga na Shikakiuno

Pikipiki hujulikana ikilala. Nimewasikia mkimwimbia Avelina maneno hayo tangu arudi kutoka mjini jana, kwa sababu aliangusha pikipiki mbele ya trafiki kwenye jaribio la leseni. Mnayatumia kumcheka aliyeanguka. Mmeishika methali mkiani. Wekeni chini hizo nyungo za maharage, nawe Avelina toka huko jikoni uje ukae karibu yangu. Msemo huu haukutoka mbali. Ulizaliwa hapa hapa Mpasila, kwenye uwanja wa zahanati, na mimi babu yenu nilikuwepo. Nilikuwepo kwa aibu, lakini nilikuwepo. Ulianza namna hii.

Wakati huo nesi wa zahanati yetu aliitwa Leonsia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyeshika jembe tangu utotoni. Kila wiki aliteremsha chanjo kwenye vijiji vya Bonde la Rukwa. Ile barabara mnaijua. Inajipinda kwenye ukingo wa mlima, udongo mwekundu mtupu, na masika yakiingia inakuwa sabuni. Leonsia alipanga chupa za chanjo kwenye kasha la barafu, akalifunga nyuma ya kipikipiki chake kidogo, akashuka peke yake. Barafu ile ilivumilia mpaka saa nane mchana. Ikishayeyuka, chanjo inaharibika, na akina mama waliotembea tangu alfajiri wakiwa na watoto mgongoni wanarudi kwao mikono mitupu.

Katika kila safari ya masika Leonsia alianguka mara mbili, mara tatu. Hakuficha. Alirudi na tope upande mmoja wa gauni, akaulizwa, akajibu kwamba ndiyo, ameanguka, kwani barabara ni ya nani? Kuanguka hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni kuchelewa.

Mwaka ule kipikipiki kikafa injini, na surua ilikuwa imeanza kusikika upande wa pili wa ziwa. Wiki mbili zikapita bila chanjo kushuka bondeni. Ndipo wakaja Wazungu wawili, mume na mke, waliokuwa wakizunguka Afrika kwa pikipiki mbili kubwa, mtu na yake. Mume alikuwa na malaria iliyompanda kichwani. Leonsia alimlaza siku tisa, akamtoa mautini. Walipoondoka waliamua kurudi kwao kwa ndege, na kwa shukrani wakaiachia zahanati pikipiki zote mbili pamoja na vitabu vyake.

Kamati ya zahanati ikakaa. Ikakubaliana kwamba moja ibaki kwa kazi ya chanjo, nyingine ibadilishwe kwa mabati ya wodi ya wazazi. Hapo hakuna aliyebisha. Ubishi ukawa, ibaki ipi?

Pikipiki kama zile tulikuwa hatujaziona. Nikikaa juu ya moja, niliona paa la duka. Ya kwanza ilikuwa ndefu kwenda juu, nyembamba kiunoni, springi zake kama miguu ya mnyama wa porini, na tangi limekaa juu kabisa karibu na kifua cha mpandaji. Ikiwashwa, mbwa wa kijiji kizima walijibu. Tukaiita Twiga. Ya pili ilikuwa nzito zaidi, kitabu kilisema kilo ishirini zaidi, na haikuwa na cheni. Nguvu ya injini ilikwenda kwenye tairi la nyuma kwa chuma kilichofichwa ndani. Lakini kilichotuchekesha ni injini yenyewe. Silinda zake mbili zilitokeza nje, moja kushoto, moja kulia, kama mwanamke aliyesimama mlangoni na mikono kiunoni akimsubiri mumewe mlevi. Tukaiita Shikakiuno.

Siku tatu wanaume walizilinganisha. Waliziosha, wakazipaka mafuta, wakazisimamisha kwenye stendi uwanjani, wakakaa mbele yake na vibuyu vya pombe ya kimpumu. Mmoja alipima kimo kwa fito. Mwingine alisoma kitabu kwa sauti ingawa kilikuwa cha Kijerumani. Waliwasha, wakazima, wakawasha tena. Mwishoni wote walikuwa upande wa Twiga, na mwenyekiti wa kamati, Mzee Kletus, akasema kwamba pikipiki inayoshika kiuno si ya mwanamume.

Mzee Kletus alikuwa mjomba wangu. Na hapa ndipo aibu yangu inapoingia. Miguu ya Leonsia haikufika chini alipokaa juu ya Twiga; ilining'inia. Basi mjomba akatangaza kwamba Twiga atapandwa na Desderi. Desderi ni mimi. Msicheke. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na miguu mirefu, na sikujua hata sindano inashikwa upande gani. Mjomba akasema hayo nitafundishwa. Leonsia angebaki zahanati kugawa vidonge, apumzike, kwa kuwa ameanguka vya kutosha.

Wazee waliitikia. Mimi nilikuwa nimeshavaa ile kofia ngumu ya Mzungu, na jua lilikuwa kali.

Leonsia alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha zahanati. Akashuka mpaka uwanjani, akazipita pikipiki bila kuzitazama, akamwendea mjomba.

"Mwenyekiti," alisema, "yule maksai wako mwekundu, ulimnunuaje?"

Mjomba akacheka, maana hilo lilikuwa sifa yake. Mnajua desturi yetu mnadani. Mfipa anayejua jembe hanunui maksai aliyesimama. Humwambia mwenye ng'ombe amlaze, kisha anakaa kimya akimtazama anavyoinuka, kwa sababu wapo maksai wanene wanaong'aa ambao wakilala kwenye tuta hawanyanyuki mpaka waitwe watu sita. Mjomba alisifika kwa kuwalaza maksai wa watu hata mara tatu.

"Nilimlaza," akasema. "Kila mtu anajua."

"Kwani alikuwa amesimama vibaya?"

"Wote husimama vizuri mnadani."

"Na hizi zimesimama vizuri siku tatu. Zilazeni."

Mtu mmoja akasema zitachubuka. Leonsia akamjibu kwamba kule mlimani zitachubuka bila kumwomba ruhusa.

"Na atakayeinua ainue peke yake," akaongeza. "Kwenye zile kona hakuna kamati."

Mjomba alitazama huku na huku. Angekataaje desturi yake mwenyewe mbele ya watu? Akaamuru zilazwe. Usiku uliopita mvua ilikuwa imenyesha, uwanja ulikuwa na tope laini. Tukamlaza Twiga. Alilala bapa kama ubao, matairi yakapaa juu kidogo, petroli ikaanza kudondoka kwenye kifuniko. Tukailaza Shikakiuno. Hiyo haikulala sawasawa. Silinda ya upande ilitangulia kugusa chini, ikaishikilia, ikabaki imeinama nusu, kama mtu aliyeangukia kiwiko na bado ana neno la kusema.

Mimi kwanza. Nilivua kofia, nikatema mate mikononi, nikamshika Twiga usukani na kuvuta kama ninavyovuta ndoo kisimani. Akatikisika. Nikavuta tena, akateleza kwenye tope akanisogelea miguu. Uzito wote ulikuwa kule juu kwenye tangi, mbali na mahali ambapo mikono yangu ingeweza kuubishia. Mara ya tatu nilisikia kitu kinakatika mgongoni. Kitu hicho hunisalimia mpaka leo mawingu yakikusanyika.

"Mwimbie, Desderi," alisema Mzee Odilo, mchuuzi wa ng'ombe, kibuyu mkononi. "Labda ataamka."

Nikakaa chini. Sikuwa na pengine pa kukaa.

Leonsia aliiendea Shikakiuno. Hakuvuta. Aliigeuzia mgongo, akachuchumaa mpaka makalio yakaegemea kiti, mkono mmoja ukashika usukani, mwingine chuma cha kubebea mizigo. Baadaye aliniambia kwamba ndivyo anavyomwinua mgonjwa mzito kitandani. Mgongo haufanyi kazi hiyo, hufanya miguu. Akasukuma. Akarudi kinyumenyume hatua moja fupi, ya pili, ya tatu. Kwa kuwa ile silinda ilikuwa imeshampunguzia nusu ya safari, mashine ilipanda. Ikasimama. Akateremsha stendi kwa kisigino, akapangusa mikono kwenye gauni.

Mjomba hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Alimwambia amwinue na Twiga basi, tuone. Leonsia akajaribu, kwa namna ile ile, mara moja, kwa nguvu zake zote. Twiga aligoma.

"Huyu simwezi," alisema wazi, akihema. "Desderi naye hamwezi. Anayemweza kati yenu ajitokeze, nitamkabidhi kasha la chanjo sasa hivi, na funguo za zahanati."

Walikuwepo wanaume thelathini. Wengine walianza kuchunguza kucha zao.

"Lakini miguu yako bado haifiki chini," mjomba akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Hata kwenye hiyo ya pili."

"Ikisimama haifiki," alijibu Leonsia. "Ikilala inafika."

Hakuna aliyecheka isipokuwa Mzee Odilo, na yeye hakuwa akimcheka Leonsia. Aliweka kibuyu chini, akasema kama anayejisemea, "Maksai hujulikana akilala. Kumbe na pikipiki."

Hivyo ndivyo Twiga alivyogeuka mabati. Tulimwinua watu watano. Ile wodi ya wazazi mlimozaliwa ninyi nyote, mngenyeshewa humo kama Twiga asingekuwepo, kwa hiyo msimdharau. Kila chombo na kazi yake. Shikakiuno akashuka bondeni Jumatatu iliyofuata, mvua ikiwa inanyesha tangu saa moja asubuhi, na aliyempanda alikuwa mwanamke ambaye miguu yake ilining'inia.

Alirudi kabla ya saa nane. Safari hii gauni lilikuwa na tope pande zote mbili. Mjomba alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimuuliza kama ameanguka.

"Mara nne," alisema Leonsia.

Akafungua kasha. Chupa zilikuwa tupu zote, na ndani ya kasha vipande vya barafu vilikuwa bado vinagongana. Mjomba aliingiza mkono, akatoa kimoja, akakitazama kikiyeyuka kiganjani mwake mpaka kikaisha. Kisha akatuambia tukalete maji ya kuosha pikipiki, akachukua tambara la kwanza yeye mwenyewe. Surua ilipita mwaka ule ikaenda kuzika watoto kwingine, Mungu awarehemu. Bondeni haikukuta mlango wazi.

Baada ya hapo msemo ulitembea. Watu walianza kuusema walipochagua mchumba, walipochagua diwani, hata walipochagua jembe. Wakija kuposa na kumsifu kijana wao, mama wa binti huuliza: huyo mliyemsimamisha hapa na kumpaka mafuta, akianguka inakuwaje? Ndiyo maana nasema mmeushika mkiani. Kuanguka ni kwa wote. Leonsia alianguka miaka kumi na tisa kwenye mlima ule, na mimi sikuanguka hata siku moja, kwa kuwa sikwenda.

Sasa Avelina, nikuulize mbele ya hawa ndugu zako. Jana pikipiki ilipokulalia mbele ya trafiki, nani aliiinua?

"Mimi, babu."

Na nani?

"Peke yangu. Trafiki alisema niache, wataiinua wanaume. Nikamwambia asiiguse."

Leseni je?

"Amenikatalia. Nitarudi Alhamisi."

Mmesikia. Haya, ninyi mliokuwa mkiimba tangu jana, imbeni tena sasa, mkimtazama usoni. Pikipiki hujulikana ikilala.