Lipu ya Mjomba

Nyuma ya nyumba ya mama mmoja, mshonaji wa nguo, ardhi ilikuwa imemegeka kama mkate ulioumwa na meno. Kila msimu wa mvua mteremko ulijichukulia hatua mbili za ua. Ulimeza kamba ya kuanikia, ukameza banda la kuku, ukawa sasa unakitolea macho chumba chenye vyerehani vinne. Palibaki hatua tisa tu. Chumba hicho ndicho kilichomsomesha bintiye hadi stashahada ya ujenzi. Kikiporomoka, mama hana tena pa kushika.

Binti alirudi na lori la mawe na mabunda ya wavu wa waya. Wenzake kazini walimwita Bi Waya, na jina hakulichukia. Kwa wiki tatu alikunja nyavu zikawa makapu makubwa kama masanduku, akayapanga safu juu ya safu toka chini ya mteremko. Nyuma ya makapu alitandika kitambaa cha kuchuja, ili maji yapite na udongo ubaki. Mawe hakuyamwaga, aliyapanga kwa mkono, makubwa usoni, madogo katikati, kisha akashona kapu kwa kapu kwa waya kama mama yake ashonavyo pindo. Saruji hakutia hata kijiko.

Mjomba wake alikuja kukagua. Huyo alikuwa fundi wa lipu, na ukuta alioupitishia mwiko wake ulilainika kama ganda la yai. Alisimama, akashika kiuno, akaangua kicheko.

"Mpwa wangu, umemjengea dada yangu tenga la kuku?"

"Tenga hilo litabeba nyumba, mjomba. Ngoja mvua."

"Lina matundu kuliko chujio la chai!"

"Ndiyo kazi yake. Maji yakipita, hayasukumi."

"Haya, msomi," mjomba alisema, akipangusa machozi ya kicheko. "Kwetu sisi ukuta ni kitu cha kuziba."

Kicheko kile kilienea mtaani kama moto wa makuti. Wateja waliokuja kupimwa nguo walichungulia dirishani na kuuliza kuku wataletwa lini. Mama alicheka nao, lakini moyoni alichomwa. Kwa hiyo Bi Waya alipoitwa siku nne kwenye kazi ya barabara, mjomba akaja na mifuko ya saruji, mama hakumzuia. Alimpa ndoo.

Siku ya nne, Bi Waya alirudi na mawingu mazito mgongoni. Alipozunguka nyuma ya nyumba, alisimama ghafla. Makapu hayakuonekana. Palisimama ukuta laini, umepakwa rangi ya maziwa, hauna tundu hata la kupitisha sindano. Majirani walikuwa wamepita kuusifu tangu asubuhi.

"Sasa huo ndio ukuta!" mjomba alijigamba.

Kabla hajajibiwa, mvua ikashuka. Haikunyesha, ilimwagwa! Ndani ya nusu saa ua ulikuwa bwawa. Maji yalizama ardhini, yakafika nyuma ya ukuta, yakagonga, yakakosa mlango. Ufa mwembamba ukaukata ua toka pembe hadi pembe, hatua tatu kutoka chumba cha vyerehani. Ule uso wa maziwa ukaanza kutunga tumbo.

Bi Waya alinyakua nyundo. Mjomba akamzuia kwa mikono miwili.

"Huivunji lipu yangu! Nimeipiga siku tatu!"

"Mjomba, maji ukiyanyima mlango yanajichongea wake! Tazama lile tumbo!"

"Litarudi!"

"Tumbo la ukuta halirudi, mjomba. Linazaa!"

Mama alitoka mbio akiwa amekumbatia cherehani kama mtoto mchanga. "Kaka!" alilia. "Sakafu inatetemeka! Msikilize mtoto!"

Mjomba aligeuka, akaona ufa wa ua ukipanuka mbele ya macho yake, upana wa kidole, upana wa viwili. Rangi ilimtoka usoni. Alimpokonya mpwa wake nyundo.

"Lete mtaimbo! Mimi niliipiga, najua ilipo nyembamba. Wewe ungebahatisha."

"Anzia pembeni, chini! Usisimame mbele yake!"

Wakateremka huku wakiteleza. Mjomba aligonga pigo la kwanza, la pili, la tatu. Bi Waya akachomeka mtaimbo, akakandamiza kwa uzito wake wote. Kipande cha lipu, kikubwa kama mlango, kikabanduka, na maji yakaruka nje kama farasi aliyefunguliwa zizi!

"Matundu mengine!" Bi Waya alipiga kelele. "Safu yote ya chini!"

Waligonga, wakabandua, wakagonga tena. Maji yakachuruzika kati ya mawe kwa midomo mia. Binti akakinga kiganja, akatazama, akacheka kwa sauti: yalikuwa meupe, bila chembe ya udongo. Kitambaa kilikuwa kinafanya kazi. Juu, mama akapaza sauti: "Ufa umesimama! Jamani, umesimama!"

Mvua ilipokatika, makapu yalionekana tena, yamechubuka, kapu moja limefutuka kidogo, lakini yote yameshikana. Chumba kilikuwa mahali pake. Jirani mmoja akachungulia, akasikitika.

"Jamani, nani kauharibu ukuta mzuri namna ile?"

"Mimi," mjomba alijibu, amelowa chapachapa, nyundo bado mkononi. "Uzuri wake ulikuwa unamzika dada yangu." Akaketi juu ya mawe yasiyo na lipu, akapumua, akatoa hukumu mwenyewe: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.