Viatu vya Kurudia

Kiatu cha kwendea sicho cha kurudia. Nimelisema hilo mara moja tu, mkaacha kufunga mizigo yenu mkanitumbulia macho. Elifasi anasema bibi amechanganyikiwa, kwani njia ya kupanda mlimani si ndiyo hiyo hiyo ya kushukia, na miguu si ile ile miwili? Haya, kaeni. Nguruwe mnaokwenda kuwawinda hawatahama leo. Zivueni kwanza hizo gambuti zinazong'aa, maana nimezigeuza nikaona soli zake ni laini kama shavu la bwana harusi. Nitawaeleza methali hii ilikoanzia. Haikutoka vitabuni. Ilitoka katika nyumba hii, miguuni mwa baba yangu.

Baba yangu aliitwa Kajiru, na alikuwa mwindaji. Huo mlima mnaouendea aliujua kuliko alivyokijua chumba chake. Kabla ya kulifikia bonde la juu, ambako nguruwe hulala mchana wakisubiri kushuka kula mahindi yetu, kuna jabali pana lililolala mshazari. Wazee waliliita Ubao. Njia ni hiyo moja, kwani kushoto ni korongo na kulia ni korongo. Kiangazi hata mbuzi mzembe hupita pale. Masika yakiingia, jabali lote huota utelezi wa kijani, na maji hupita juu yake mchana kutwa.

Sasa sikilizeni desturi ya wakati huo, maana kosa lote limo humo. Mwindaji akitoka, ilikuwa mwiko mtu kutaja kurudi. Watu waliamini kwamba mlima unasikia, na kwamba ukionyesha wazi unachokitaka, utakunyima. Kwa hiyo mke hakusema "rudi salama," wala mama hakusema "usikawie." Walisema neno moja tu: "Panda." Na mwindaji aliitikia, "Napanda," akaenda zake bila kugeuka nyuma.

Mwiko huo uliingia hata kwenye viatu. Fundi wetu alikuwa Mzee Sekiete. Alishona makubazi ya ngozi ya nyati, magumu ajabu, na chini yake, upande wa vidole, alichonga meno ya kushika mwamba. Nje ya nyumba yake palikuwa na jiwe kubwa la kujaribia. Ukichukua viatu vipya ulivivaa ukapanda lile jiwe, watu wakakupigia makofi. Ukifika juu ulivivua, ukashuka peku, viatu mkononi. Kushuka navyo kungekuwa ni kurudi kabla ya kwenda, yaani mkosi. Miaka nenda miaka rudi, hakuna mtu aliyewahi kujaribu viatu vya Mzee Sekiete kwa kushuka. Msicheke. Na nyinyi mmejaribu za kwenu kwa kuzunguka dukani kwenye sakafu ya saruji.

Mwaka niliozaliwa mimi nguruwe walifukua magimbi yote ya bondeni, kisha wakahamia kwenye mahindi. Baba alishikwa na hasira. Wawindaji wenzake walitazama mawingu wakasema tungoje, masika yako mlangoni. Baba akasema yeye ana viatu vipya, siku tatu zinamtosha. Mwanamume akiwa na kiatu kipya huwa hashauriki.

Asubuhi ile mama yangu, Naetwe, alimfunga kamba za makubazi kwa mikono yake, mimi nikiwa mgongoni mwake, mtoto wa miezi mitatu. Haya yote nimeyapata kwake. Alikuwa akiniambia kwamba alipomaliza kufunga lile fundo la mwisho, neno lilimfika kwenye ulimi, akalimeza. Akasema, akimwita kwa jina langu, "Panda, baba Namkunda." Baba akaitikia, "Napanda." Mama akabaki pale mlangoni mpaka jua likamfikia miguuni.

Siku ya pili mvua ikashuka. Ilinyesha kutwa kucha, na siku ya tatu ikanyesha, na ya nne. Siku ya tano ilipopumzika kidogo, mama alitazama juu akaona uzi wa moshi ukitoka ukingoni mwa bonde, juu kabisa ya Ubao. Baba alikuwa hai, lakini hakuweza kushuka.

Siku ya sita mdogo wake baba, Mbazi, alipanda na kifurushi cha unga. Kupanda alipanda vizuri. Yale meno yaliung'ata mwamba hata ukiwa umelowa. Alipofika katikati alisimama apumue. Mguu ukarudi nyuma kidogo, uzito ukaangukia kisigino, na kisigino hakikuwa na kitu cha kushikia. Akateleza mpaka chini, akavunjika paja. Unga ukawa uji juu ya jabali. Wazee wakakutana, wakaamua hakuna atakayepanda tena mpaka masika yaishe. Yaani miezi miwili.

Wajukuu zangu, kuna kumkosa mtu asiyeonekana, na kuna kumkosa mtu unayeuona moshi wake. Hili la pili ndilo baya zaidi. Kila asubuhi mama aliwasha moto uani, akautupia majani mabichi ili moshi uwe mzito, kisha akangoja. Baada ya muda moshi wa juu nao ulipanda. Wakawa wanaamkiana hivyo. Alipika ugali wa watu wawili akala wa mtu mmoja. Alikunguta upande wa baba kitandani na kuutandika, ingawa hakuna aliyeulalia. Wanawake walimwambia apunguze kutazama juu, atapata kidonda cha shingo. Alisema shingo ni yake.

Siku ya kumi na tisa mama aliwasha moto, na juu hakukujibiwa. Akaongeza majani. Akangoja mpaka moto wake ukawa majivu. Hapo akanikabidhi kwa nyanya yangu, akachukua bunda la kamba za mkonge alizozisokota mwenyewe, akaenda kwa Mzee Sekiete.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mvua."

"Nataka unishonee viatu jozi mbili. Vya kurudia."

Mzee aliangusha msharasi wake wa kutobolea ngozi. "Naetwe! Neno hilo halitajwi hapa."

"Halitajwi, ndiyo maana mume wangu yuko kule. Umemchongea meno ya kumpeleka, baba. Ya kumleta yako wapi?"

"Hivi ndivyo alivyoshona baba yangu."

"Baba yako alipanda na mkuki, kiangazi tu. Sisi wanawake tunashuka na kuni kichwani masika na kiangazi, na hakuna aliyetuuliza tunakanyagaje. Tunakanyaga kwa kisigino, baba. Aliyekuambia mtu hushuka kwa vidole ni nani?"

Mzee Sekiete aliinama akaokota msharasi wake. Mama alikuwa akisema kwamba hakumwona kuwa amekasirika. Alimwona kama mtu anayewahesabu marafiki zake walioteleza kwenye Ubao, akigundua kwamba wote walikuwa wakishuka. Kisha akavuta ngozi.

"Mguu wake una kipimo gani?" akauliza.

"Shibiri moja na vidole vinne. Na dole gumba la kulia limeinama kwa ndani."

"Una hakika?"

"Baba, nimemtoa miiba miaka mitano."

Wakaifanya kazi pamoja usiku kucha. Mzee alichonga meno kisiginoni, yakitazama mbele, yamkinge mtu anapotaka kuserereka. Mama akasema ngozi ikilowa sana huwa kama ulimi wa ng'ombe, meno peke yake hayatoshi. Akazungushia kila kiatu kamba ya mkonge, kutoka chini ya soli mpaka juu ya mguu, na kila ilipopita chini akaipiga fundo: mawili katikati, matatu kisiginoni. Mkonge ukilowa hukaza. Mnalijua hilo, ila hamjawahi kulifikiria.

Watu walikuwa wamejaa nje, habari huku kwetu haina breki. Mama akavaa viatu vyake akapanda lile jiwe mvua ikinyesha. Makofi hayakupigwa. Akafika juu, akageuka. Akashuka navyo. Alishuka polepole, kisigino kwanza, mikono ameitanua, na watu walifunika midomo yao wakingoja mlima umnyakue. Alipofika chini alifunga jozi ya pili mgongoni, mahali nilipokuwa nikibebwa mimi, akaenda moja kwa moja kwenye Ubao.

Alimkuta baba ameketi ukingoni, amekonda, macho yake yakitazama huku chini kwetu. Alikuwa peku. Kuni zilikuwa zimelowa zote, moto ulikuwa umezimika, na nyama ya nguruwe ilikuwa imekwisha tangu juma la pili. Mama alimshika miguu kwanza kabla ya kumshika mikono. Ilikuwa baridi.

"Viatu vyako viko wapi?"

"Nimevichemsha nikavila," baba akasema. "Havikuwa na kazi nyingine."

Mama alicheka, kisha akalia, kisha akampa kiporo cha ugali alichokuja nacho. Baba alitafuna kidogo kidogo. Alipopata nguvu ya kusema, alinyoosha kidole.

"Unaona lile paa? Ni letu. Naliona kila siku. Nauona mlango ukifunguliwa, nakuona ukitoka na mtoto, mdogo kama punje ya mtama. Nikikaa kimya naisikia hata harufu ya moto wako, ingawa najua haiwezi kufika huku. Mke wangu, nimekaa hapa nikijiuliza jambo la kijinga. Nikajiuliza, kwani kuna aliyeniambia nirudi? Nikakumbuka siku zote nilizotoka nyumbani, tangu ujana wangu. Wote mlinambia nipande."

Mama alipiga magoti kwenye matope, akaanza kumvisha jozi ya pili. Vilimtosha sawasawa, hata kwenye lile dole lililoinama. Alikaza kamba, akafunga fundo la mwisho, na lile neno likamfika tena kwenye ulimi. Safari hii hakulimeza.

"Rudi, baba Namkunda," akasema. "Rudi nyumbani. Ninakutaka. Mlima na usikie."

Walishuka mchana kutwa. Mama alitangulia, baba ameweka mkono begani kwake, kisigino, kisigino, wakipumzika kila walipopata ufa wa kukalia. Mara mbili baba aliteleza, na mara mbili yale mafundo yalikaza yakamshika. Huku chini kijiji kizima kilisimama kwenye mvua, na wanasema hakuna aliyethubutu kuita jina lao.

Walipofika kwenye nyasi baba hakuweza kusimama, akaketi. Mbazi, mguu wake umefungwa vijiti, alikuwa ameletwa kwa machela amwone kaka yake. Akamuuliza, "Kaka, viatu vyako vipya vilikuwaje?"

Baba alitazama kamba za mkonge miguuni mwake, zimechanika nusu. Akasema, "Vile vilinifikisha vizuri sana. Lakini kiatu cha kwendea sicho cha kurudia. Cha kurudia hufungwa na anayekungoja."

Tangu siku ile Mzee Sekiete hakukuruhusu kuondoka na viatu mpaka ushuke navyo mbele yake. Na kina mama wakaanza kulitaja lile neno milangoni, kwanza kwa kunong'ona, baadaye kwa sauti. Mlima haukumnyima mtu kwa sababu hiyo. Baba aliishi miaka mingi, na hadi uzee wake, mama akichelewa sokoni, alikuwa akitoka kukaa pale uani akitazama njia. Ukimuuliza anangoja nini hakuficha. Alisema, "Namtaka mke wangu." Mimi nawakosa wote wawili, nao hawana moshi wa kuniamkia.

Basi leteni hizo gambuti. Kamba hii nimeisokota juzi, niliposikia mnapanga safari. Mafundo mawili katikati, matatu kisiginoni, nami ndiye nitakayeyafunga. Nikimaliza nendeni nyuma ya zizi, mtelemke ule ukingo wenye matope huku nikiwatazama, kupanda hakunihusu. Halafu mwende mlimani kwenu. Nami nasema mlango ukiwa wazi, kwa sauti, asikie anayetaka kusikia: rudini. Ninawataka. Kiatu cha kwendea, wajukuu zangu, sicho cha kurudia.