Kitanda cha Mzee Shekue

Mzee Shekue alikuwa na maduka mawili, na ubahili wa kuyajaza yote. Mkewe, Bi Kazija, mgongo ulimwisha kwa kitanda cha kamba kilichobonyea kama karai.

“Bwana, tununue kingine.”

“Kwani kimevunjika? Lala, mwanamke!”

Siku moja mzee akarudi, akakuta chumba kitupu.

“Kitanda kiko wapi?”

“Majirani wamekiazima, wanaoshea maiti. Tulia, jioni kinarudi, utalala.”

“Nilale mimi? Kikiingia humu, mimi natoka!”

Kabla ya magharibi kitanda kipya cha mninga kikaingia, na godoro lake.

Mzee alipokwenda kuswali, jirani akachungulia dirishani. “Shoga, dagaa wangu wamekauka. Kitanda chako nikurudishie?”

“Endelea kuanikia, shoga. Mwenyewe kakisusa.”