Nadhiri ya Mwanakheri na Uzi Uliogoma Kukunjika

Hapo zamani, wakati barafu ya maabara bado ilinunuliwa kwa wauza samaki, mtafiti Mwanakheri alibakiwa na tone moja kichupani. Ndani yake mlikuwa na nyuzi za RNA, zile zibebazo maagizo ya uhai, nyembamba hata jicho lisizione. Uzi wa namna ile ukijikunja sawasawa, hujikata wenyewe vipande viwili. Ukijikunja vibaya, hukaa tu, na miaka mitatu ya kazi imekwenda bure.

Mara tisa ulijikunja vibaya. Mwanakheri, mja mzito wa miezi minane, aliogopa hata kukigusa kichupa, maana jasho la kidole tu huusaga uzi. Akaweka nadhiri mbele ya wenzake:

"Atakayeukunja, mwanangu atachukua jina lake."

Bi Siwema, mkuu wao, akasema, "Upashe moto, mwanangu. Fundo lililokaza halibembelezwi."

Wakaupasha, mafundo yote yakalegea.

"Sasa barafu, upesi!" akaamuru Bi Siwema.

Tausi, mmoja wa wenzake, akatumwa sokoni. Dakika kumi, hayupo. Ishirini, hayupo. Kichupa kikapoa polepole.

"Umekwisha," akanong'ona Mwanakheri.

Mwenzao Mosi hakungoja ruhusa. Kilipokuwa vuguvugu, akatia chumvi ya magnesi.

"Mosi! Umefanya nini?" akamaka Mwanakheri.

"Pande za uzi zinasukumana, dada. Nimezipatanisha."

Wakapima. Vipande viwili!

Mwezi haukwisha, akazaliwa binti. Siku ya saba wakaja wote watatu.

"Mimi ndiye niliyeukunjua," alisema Bi Siwema. "Nani hukunja nguo upya bila kuikunjua kwanza?"

"Mimi ndiye niliyechelewa," alisema Tausi. "Ningewahi, baridi ingeukamata nusu njia. Kupoa taratibu ndiko kulikoupa nafasi ya kujipanga."

"Loo! Ulisimama kumsengenya wifi yako, leo umbea umekuwa elimu?" akacheka Mosi. "Mimi ndiye niliyeushikiza. Bila chumvi ungeachia tena."

"Nawe uliitia bila kuuliza," Bi Siwema akamkata. "Tone lingeharibika, ungejitaja?"

Mwanakheri akawatazama. Nadhiri imeshatamkwa, haikatiki vipande. Nywele za mtoto zimeshanyolewa, na shekhe ameinama sikioni mwake, anangoja jina.

Haya, mlioketi hapa, msimwache peke yake: Je, kati ya Siwema, Tausi na Mosi, nani alistahili?