Karibu ya Tatu

Jamani, mpo?
— Tupo!
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
Na matumbo je?
— Hayo hayatuachi popote!
Basi sogeeni. Mwenye usingizi akalale kwao, mwenye njaa avumilie kidogo, maana ngano yenyewe ni ya njaa.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliikuta imeshazeeka, palikuwa na mji ukiitwa Adabuni. Watu wa Adabuni walikuwa na adabu kupita kiasi. Walipiga hodi hata kwenye banda la kuku. Walimwamkia hata mbuzi wa jirani. Na ukiwakuta wanakula, loo, hapo ndipo ungeona mambo.

Mwenye chakula anasema, "Karibu." Wewe unajibu, "Starehe." Anasema tena, "Karibu bwana, tule." Unajibu, "Ahsante, nimetoka kula sasa hivi." Anasema mara ya tatu, "Karibu." Hapo sasa unanawa, unakaa, unakula. Anayekubali ya kwanza ni mlafi. Anayekubali ya pili hakulelewa. Anayekataa ya tatu ana dharau. Mnacheka nini? Na nyinyi ni hivyo hivyo. Nimewaona.

Sasa mji huo ulikuwa na ghala. Ghala la mawe, juu ya kilima, kwa sababu kule bondeni mto ulikuwa ukifurika na kuozesha nafaka. Kila mavuno, kila nyumba ilipandisha mtama wake na mpunga wake, ukawekwa huko kungojea miezi ya shida. Lilikuwa ghala la wote. Akaja Jumbe mmoja, akaweka mlinzi. Watu wakasema, vyema, wezi wapo. Akaja mwanawe, akaweka kufuli. Watu wakasema, vyema, panya wapo. Kufuli kwa panya! Lakini ndivyo walivyosema. Kisha akaja mjukuu, Jumbe Ngwali, huyu wetu wa leo. Yeye aliongeza neno moja tu. Alianza kusema, "Ghala langu."

Watu wakatazamana. Lakini kumsahihisha mkubwa mbele za watu ni kukosa adabu. Wakanyamaza.

Mwaka huo mvua ikanuna. Mtama ukakauka ukiwa na urefu wa goti. Mwezi wa kwanza watu wakafunga mikanda. Mwezi wa pili wakaingia porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwituni. Mwezi wa tatu ming'oko nayo ikaisha, wakabaki wanachimba matumaini. Na kule kilimani ghala limejaa hadi darini.

Je, Jumbe Ngwali alikuwa mchoyo? Thubutu! Mchoyo hula kajificha, yeye alikula hadharani. Kila adhuhuri alitandikiwa mkeka barazani. Likaja sinia la wali, akaja samaki wa nazi, ikaja kachumbari pembeni. Naye akapaza sauti:

"Karibuni jamani!"

Watu wamesimama pale uwanjani, mbavu zinahesabika, mate yanawajaa. Wakajibu kwa pamoja, "Starehe, Jumbe!"

"Karibuni tule!"

"Ahsante, tumetoka kula sasa hivi!"

Basi Jumbe alitabasamu, akanawa, akatia mkono. Mara mbili. Ya tatu hakuitamka hata siku moja. Anajua kuhesabu, yule.

Palikuwa na mjane mmoja, jina lake Siwatu, mfinyanzi wa vyungu. Nyumba imejaa vyungu, na hakuna hata kimoja chenye kitu ndani. Alikuwa na binti wa miaka sita, Mwatime. Zamani Mwatime alikuwa hatulii, ukimtafuta mtini yumo mtoni, ukimtafuta mtoni yuko kwa watu. Siku hizi amelala mkekani tu. Jumatatu alilia njaa. Jumanne alilia kidogo. Jumatano hakulia tena. Mtoto mwenye njaa akiacha kulia, mjue mambo yameharibika. Mimi nilimwona mmoja hivyo, miaka mingi iliyopita, na bado nina hasira.

Siwatu akaenda barazani. Siku ya kwanza akaambiwa karibu mara mbili, akajibu kwa adabu mara mbili, akasubiri. Jumbe akala. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu akasogea karibu kabisa na mkeka, akakohoa kumkumbusha. Jumbe akamtazama, akafungua mdomo, akasema, "Ka..." Kisha akajaza tonge la wali humo humo mdomoni, na neno likapita chini pamoja na samaki.

Siwatu akarudi nyumbani. Akamgusa mwanawe mguu. Mguu ulikuwa wa baridi. Akasema, "Kumbe huyu mtu ananiua kwa adabu yangu mwenyewe."

Kesho yake mji ukapata wageni. Walikuwa Wapimaji watatu, wametumwa na wafalme wa dunia kuzunguka kupima njaa. Wa kwanza alibeba mizani. Wa pili alibeba kitabu kikubwa. Wa tatu hakubeba kitu, yeye alikuwa wa kuhutubia. Na wote watatu walikuwa na vitambi, maana njaa walikuwa wakiipima tu.

Jumbe akawaweka barazani kwenye mito. Mkeka ukatandikwa, masinia yakaja matatu. Kabla ya kula, yule wa kuhutubia akasimama mbele ya watu:

"Enyi watu! Kila aliyezaliwa na mwanamke ana haki ya kula! Si hisani! Si huruma! Ni haki! Awe tajiri awe fukara, awe wa pwani awe wa bara!"

Watu wakapiga makofi. Sikatai, maneno yalikuwa mazuri. Aliyasema vizuri mpaka yeye mwenyewe akasikia njaa, akakaa kula. Lakini Siwatu, kule nyuma, hakupiga makofi. Alikuwa ameyashika yale maneno na kuyageuzageuza kichwani. Kila aliyezaliwa na mwanamke. Mwatime nimemzaa mimi. Mimi ni mwanamke. Mbona hapo hakuna fumbo?

Yule wa kitabu akauliza, "Jumbe, watu wako wana njaa?"

"Njaa?" Jumbe akacheka. "Mimi nikisema mtadhani najisifu. Sikilizeni wenyewe." Akapaza sauti, "Karibuni jamani!"

"Starehe, Jumbe!"

"Karibuni tule!"

"Ahsante, tumetoka kula sasa hivi!"

Mpimaji akachovya kalamu, akaandika: Wameshiba. Wanakataa hata samaki wa nazi. Jumbe akanawa. Mkono ukaelekea kwenye sinia.

Hapo Siwatu akapita mbele, akapiga goti kwa heshima zote. "Shikamoo, Jumbe wetu."

"Marahaba, mwanangu."

"Jumbe, nina hofu moja. Huyu bwana mwenye mizani hakusikia. Alikuwa anapambana na mwiba wa samaki. Akirudi kwao akaulizwa, atasema nini? Atasema ukarimu wa Jumbe Ngwali hakuusikia kwa masikio yake. Itakuwa aibu ya mji mzima."

Yule wa mizani, macho yamemtoka machozi ya mwiba, akatikisa kichwa. Kweli, hakusikia kitu.

Sifa ni ugonjwa, ndugu zangu. Jumbe akafuta mkono, akatengeneza kilemba, akasimama wima ili asikike vizuri zaidi. Akavuta pumzi, akaita mpaka kunguru wakaruka:

"Karibuni jamani!"

Uwanja ukawa kimya. Ukiwatazama watu, vidole vinahesabu. Moja. Mbili. Kidole cha tatu kikanyanyuka, mikono mia tatu kwa pamoja.

"Ahsante, Jumbe," Siwatu akasema. "Tumekaribia."

Akanawa, akakaa. Akafuata babu mmoja, akanawa, akakaa. Wakafuata wanawake wenye watoto mgongoni. Wakafuata wote, kwa mpango, bila kusukumana, kila mmoja akisema "samahani" kwa mwenzake. Yule wa kitabu akainua sinia lake juu, mzee mmoja akamwambia, "Pole bwana, linakuchosha, nikupokee." Akalipokea. Kufumba na kufumbua masinia yakawa meupe. Siwatu alikuwa amefunga matonge mawili kwenye upindo wa kanga, akamkabidhi jirani yake akimbie nayo kwa Mwatime. Yeye hakuondoka. Alijua matonge mawili ni ya leo tu.

Jumbe alikuwa bado amesimama, mdomo wazi. "Basi," akasema, "chakula kimekwisha. Nendeni salama."

"Hapa kimekwisha," Siwatu akasema. "Kule juu bado."

"Kule juu sijamkaribisha mtu!"

"Hujatukaribisha, na hatungoji. Mtu anakaribishwa kwake? Mtama wa kule nani aliulima? Babu, wewe ulilima?"

"Nililima," akasema babu, bado anatafuna.

"Mama Tausi, wewe?"

"Nilipandisha vikapu kumi na viwili, kwa kichwa hiki."

"Faki, wewe mlinzi?"

Faki alikuwa mlinzi wa ghala, na alilipwa makoko ya chungu. Akainama. "Mimi nalinda. Aliyelima ni mama yangu." Na mama yake alikuwa amesimama pale pale, anamtazama.

Jumbe akaona mambo yanamwendea mrama. Akalainisha sauti. "Wanangu, mbona tunagombana? Kila Ijumaa nitamgawia kila mtu nafaka kipimo cha pishi moja. Kwa moyo wangu safi. Tutapiga na ngoma."

Msishangae nikiwaambia kuwa wapo walioanza kupiga magoti. Wapo waliosema, "Ahsante sana, Jumbe, Mungu akuweke." Ndivyo tulivyo! Mtu anatupokonya shati, akiturudishia kifungo tunamwombea dua.

Siwatu akawageukia. "Inukeni. Ijumaa akiwa na furaha mtakula. Ijumaa akinuna je? Ijumaa akigombana na mkewe je? Mwanangu ana siku nne hajala. Nimwambie asubiri mpaka Jumbe achangamke?" Kisha akamtazama yule wa kuhutubia. "Bwana, yale maneno yako ya kabla ya kula ni ya kweli au yalikuwa ya kuamshia hamu ya kula?"

Mpimaji akajikuna. "Ni ya kweli, bibi. Ya kweli kabisa. Lakini ni ya kweli kwa watu wote kwa ujumla. Kuhusu mtu mmoja mmoja, itabidi kwanza tukutane, tuunde baraza, baraza liunde kamati..."

"Mkutane salama," Siwatu akasema, akaanza kupanda kilima.

Wakapanda wote. Faki akatangulia, akafika kwenye mlango, akatazama kufuli. Ufunguo uko shingoni kwa Jumbe. Faki hakuuomba. Akaweka bega, mama yake akaweka bega, mji mzima ukaweka bega. Mara ya kwanza mlango ukalia. Mara ya pili ukapinda. Mara ya tatu ukang'oka mzima na kufuli lake, ukalala chini, na mpaka leo hawajaurudisha. Wanaanikia mpunga.

Wakachagua wapimaji wao wenyewe, wanawake watatu ambao kila mtu aliwajua. Wakagawa kwa pishi. Kila mdomo pishi sawa: mdomo wa mzee, mdomo wa mtoto, mdomo wa mwenye kilemba. Jua lilipoanza kuteremka, wakamwona Jumbe Ngwali kasimama mbali, pembeni, kashika kikapu. Anatazama huku, anatazama kule. Anakohoa.

"Ana nini huyo?" akauliza babu.

"Anangoja tumkaribishe," akasema Faki.

Siwatu akapaza sauti, "Jumbe! Hapa hakuna karibu! Pishi lako lipo. Shika foleni nyuma ya Mama Tausi!"

Akashika foleni, afanye nini? Akapata pishi lake kamili. Wengine walitaka apunjwe, Siwatu akakataa. Akasema hata huyu amezaliwa na mwanamke, ingawa mama yake alikuwa na kazi.

Na Wapimaji? Wakaandika kitabuni: Jumbe Ngwali, kwa ukarimu wake, amewafungulia watu ghala lake. Wakamvika kilemba cha hariri, wakala tena, wakaenda kupima njaa ya mji mwingine. Wacha waandike. Adabuni hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusoma, watu walikuwa wanapika.

Siwatu alikuwa jikoni kwake. Chungu kimoja kilikuwa motoni, kinachemka. Akamnywesha Mwatime uji polepole, maana tumbo lililokaa tupu halitaki haraka. Bakuli la kwanza mtoto akanywa amefumba macho. La pili akafumbua. La tatu akalishika mwenyewe. Kisha, na hapa mimi hulia, msinitazame, akaanza kulia. Kwa sauti. Analia anataka jingine. Siwatu akakaa chini sakafuni kusikiliza kile kilio, akacheka.

"Mama," Mwatime akasema, uji umejaa kidevuni, "kesho tutaomba tena?"

"Hatuombi," Siwatu akasema. "Kesho tunakwenda kuchukua."

Ngano yangu nimeitua, kichwa changu kimepata nafuu.
— Tumeipokea!
Iliyo tamu ni yenu, iliyo chungu mpelekeeni mwenyewe.
— Tunamjua!
Mnamjua, na mtamwambia?
— ...
Haya, mmeanza adabu zenu. Nendeni mkalale.