Nafasi Moja ya Kwenda Ubingwa wa Karata wa Dunia

Sogeeni mlisikie fumbo la watu watatu wa Tanga waliojaliwa, kila mmoja na chake. Mhina alijua kupatanisha watu na kanuni zao. Hilali alikuwa na ndimi: Kireno, Kifaransa, hata Kingazija cha matani. Na Sauda, mwamuzi, alikuwa na jicho. Karata ikishapita mbele yake haimtoki kichwani.

Mwaka ule Tanga ilipewa kuandaa ubingwa wa karata wa nchi sita. Balaa! Kwa hawa saba humla mfalme, kwa wale mfalme humla saba. Mhina akakaa na wawakilishi, akambembeleza huyu, akamtania yule, mpaka wakatoka na kanuni moja isiyonung'unikiwa na mtu. Bila yeye wasingekaa meza moja.

"Umetisha, kaka," Sauda alimwambia, na alimaanisha.

Ila Mhina alisahau jambo moja: kumtambia mpinzani mezani. Kwa watu wa Tanga karata bila kelele si karata, kwa hiyo hata hakuwaza kuliwekea jambo hilo kanuni.

Fainali ikawa wenyeji wawili na wachezaji wawili wa Msumbiji. Mzee Shekue wa Tanga akaibamiza turufu mezani, pwaa! "Kuleni hiyo, mkalale!" Wageni wakainuka kwa hasira, meza ikapinduka, karata zikatapakaa sakafuni. Wakaanza kufungasha. Wakiondoka, mashindano yamekufa, na Tanga haitapewa tena.

Hilali akawawahi mlangoni. Akawaeleza kwa Kireno kwamba Tanga hatambiwi mchezaji dhaifu. Anayetambiwa ni yule anayeogopwa. Mgeni mmoja akaangua kicheko, akajibu kwa Kireno.

"Anasema basi na wao watatamba," Hilali akatafsiri, na ukumbi mzima ukashangilia.

Wamerudi, haya, wacheze nini na karata ziko chini? Sauda, aliyekuwa akizunguka nyuma ya wachezaji tangu mwanzo, akapiga magoti, akaziokota, akamrudishia kila mtu zake.

"Ndizo?"

"Ndizo hasa," wakaitika wote wanne, mmojammoja, wakistaajabu. Mchezo ukaendelea. Wageni walishinda kwa taabu na wakatamba mpaka sauti zikawakauka.

Ndipo waandaaji wa ubingwa wa dunia walipoleta nafasi moja: mmoja wa watatu hawa akasaidie kuuandaa huko ng'ambo. Sauda aliitaka nafasi ile kwa moyo wote. Wenzake waliitaka vilevile. Wakavutana, kisha wakamgeukia.

"Dada Sauda, mwamuzi ni wewe, na hujawahi kumpendelea mtu," akasema Mhina. "Amua, tutakubali."

"Hata ukijitaja mwenyewe," akaongeza Hilali.

Sauda akawatazama. Alijua thamani ya kila mmoja wao, na alijua thamani yake. Akafungua kinywa kutaja jina.

Haya, mliosikiliza: mngekuwa Sauda, mngemtaja nani? Na kama nafasi ni haki yako, je, wewe ungethubutu kujitaja?