Mauntingi ya Kulia

Aliyetunga methali isemayo figa moja haliinjiki chungu hakuwahi kuona injini ya gari. Aliona moto, chungu na mawe matatu, akaelewa kwamba jiwe moja, hata likiwa gumu namna gani, haliwezi kukibeba chungu peke yake. Litapinduka, na mchuzi utamwagikia majivu. Wamucii aliifahamu methali hiyo tangu shule ya msingi. Aliiandikia insha kwa mwandiko mzuri, akasifiwa mbele ya darasa, kisha akalifunga daftari na methali ikabaki humo humo.

Wamucii alikuwa kitinda mimba wa Mama Karanja wa Kinoo, na karani katika ofisi moja ya bima katikati ya jiji. Alikuwa mtu wa haya. Angeona afadhali kulizunguka jengo zima kuliko kumwomba mtu asogee mlangoni. Figo za mama yake zilipochoka, na daktari akasema kwamba kila Jumanne na Ijumaa lazima apelekwe hospitali Upper Hill akasafishwe damu kwa mashine, hakuna aliyemchagua Wamucii. Alichukua tu ufunguo wa gari kuukuu la marehemu baba yao, akaanza kuendesha.

Alikuwa na kaka wawili. Karanja, kifungua mimba, aliuza saruji na mabati papo hapo Kinoo. Mungai alifanya kazi katika benki iliyokuwa karibu sana na hospitali, hivi kwamba aliliona paa lake kutoka mezani pake. Kila jioni walituma ujumbe kwenye kundi la familia: "Mami anaendeleaje?" Naye Wamucii, macho yakimwasha kwa usingizi, alijibu, "Yuko sawa, msijali." Nao, kwa kuwa waliambiwa wasijali, hawakujali.

Gari ndilo lililoanza kulalamika. Kila alipobadilisha gia lilisema ngo! kama mtu anayebisha hodi kutoka chini ya sakafu. Wamucii alilipeleka Kangemi kwa Bramwel, fundi aliyetoka Magharibi mwa nchi miaka mingi iliyopita na ambaye mdomo wake ulikuwa mwepesi kama mikono yake.

"Keti ndani, madam," Bramwel alimwambia huku akifungua boneti. "Kanyaga breki. Kanyaga kabisa, usinigonge, nina watoto. Haya, tia gia ya mbele. Sasa ya nyuma. Tena."

Injini ilinyanyuka na kubwagika kama ng'ombe anayekataa kamba. Bramwel akapiga mbinja.

"Ya kulia imekufa tena. Mara ya tatu mwaka huu! Kwani wewe na hii mauntingi ya kulia mmeoana?"

Wamucii alicheka akiziba mdomo kwa kiganja.

"Sikia, madam. Injini yako imekalia mauntingi tatu, mpira ndani ya chuma: ya kulia, ya kushoto na ya nyuma. Ukiweka moja mpya katikati ya mbili zilizochakaa, hiyo mpya ndiyo inabebeshwa kila kitu. Niachie gari siku mbili, nitoe zote."

"Lakini hizo mbili zinaonekana nzima, fundi."

"Kuonekana!" Bramwel akacheka. "Hata mimi Jumapili naonekana tajiri."

Siku mbili! Katika siku mbili hizo nani angempeleka Mami? Ingebidi aombe. Ingebidi apige simu, aeleze, asikie mtu akivuta pumzi kabla ya kujibu. Moyo wake ukasinyaa kama jani la mbuyu wakati wa kiangazi.

"Badilisha hiyo moja tu," alisema kwa sauti ndogo. "Zingine tutaangalia baadaye."

Bramwel akatikisa kichwa, akalala chini ya gari.

Mauntingi hiyo mpya haikumaliza wiki sita. Jumanne moja gari liligonga ngo! ngo! vibaya kiasi kwamba Wamucii aliogopa, akageuza njiani na kumrudisha mama nyumbani. Alijiambia kwamba Ijumaa haiko mbali. Jioni swali lilipokuja kwenye simu, vidole vyake viliandika vyenyewe: "Yuko sawa, msijali."

Ijumaa asubuhi miguu ya mama ilikuwa imeumuka kama unga uliotiwa hamira, na pumzi yake ilikuwa ya kuokoteza. Wamucii alimfunga mkanda, akaondoka Kinoo mapema. Walipoipita Kangemi, lori moja lilisimama ghafla mbele yao. Akafunga breki, kisha akakanyaga mafuta ili alipite.

Pa!

Gari lilitetemeka kutoka kichwa hadi mkia. Injini ilinguruma, lakini magurudumu hayakusogea hata shubiri moja. Mvuke mweupe ukapanda, ukafunika kioo chote. Wamucii alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Wamucii," mama aliuliza polepole, "tumegongwa?"

"Hapana, Mami. Hapana." Hakujua alichokuwa akikikana.

Alimpigia Bramwel, naye akaja mbio kwa miguu, kitambaa chenye grisi begani. Alifungua boneti, akarudi nyuma hatua mbili, mikono kichwani.

"Yesu wangu! Injini imelala!"

Ilikuwa imeangukia upande wa kulia, ikauvuta mpira wa maji hadi ukachanika. Wamucii alipoiona alihisi kana kwamba ameona mtu aliyevunjika mbavu.

"Hili haliendi popote leo," Bramwel alisema. Kisha akamwona mama nyuma ya mvuke, naye akaacha utani. "Mathe anaenda wapi?"

"Kwenye mashine. Jumanne hakwenda."

Teksi ya kwanza aliyoita kwa simu ilikubali kisha ikaghairi. Ya pili vilevile. Pumzi ya mama sasa ilisikika hadi nje ya gari.

"Mpigie Karanja," mama alisema.

"Yuko dukani, Mami. Ijumaa ana wateja wengi."

"Karanja nilimwokota?" Mama akatua kutafuta hewa. "Mimi naitwa Mama Karanja. Siitwi Mama Wamucii. Piga!"

Wamucii akapiga. "Karanja, samahani kukusumbua, sijui kama una nafasi..."

Mama akampokonya simu. "Kangemi, barabarani! Kuja!" akasema, akakata.

Haikupita robo saa. Karanja alifika na pikapu yake, saruji ingali nyuma, vumbi kichwani kama mtu mwenye mvi. Alimbeba mama mikononi, na alipouhisi mwili ule uliojaa maji akageuza uso. Mungai, ambaye Karanja alimpigia simu njiani, aliwapokea kwenye lango la hospitali na kiti cha magurudumu, tai imerukia begani.

Muuguzi alimpima mama uzito, akatazama kadi, akawatazama wote watatu.

"Jumanne mlikuwa wapi? Angelala nyumbani usiku mmoja zaidi, saa hizi tungekuwa tunaongea mengine."

Mungai aligeuka. "Jumanne?" Akatoa simu, akapandisha ujumbe kwa kidole. "Wamucii, hapa uliandika yuko sawa."

"Niliandika," Wamucii alijibu, na machozi yakamtoka. "Sikujua kuandika lingine."

Hakuna aliyemkemea. Mashine ilianza kuzunguka, nao watatu wakaketi kwenye benchi kwa saa nne.

Jumamosi, Bramwel aliwaita ndugu wote watatu kwenye gereji yake, alikokuwa amelivuta gari. Injini ilikuwa inaning'inia kwa mnyororo, na mauntingi tatu zilikuwa zimepangwa juu ya gunia. Ya kulia ilikuwa imepasuka vipande viwili. Zile mbili nyingine ziling'aa, nzima machoni.

"Zee, shika hii," Bramwel alimpa Karanja ile ya kushoto. "Bonyeza mpira."

Karanja alibonyeza, na kidole kikazama hadi upande wa pili. Mpira ulimomonyoka kama keki kavu. Ya nyuma ilikuwa vivyo hivyo.

"Hizi hazikuwa zinabeba kitu. Zilikaa tu mahali pake, ukipita unasema ziko." Bramwel akaokota ile iliyopasuka, akaipangusa kwa kitambaa chake. "Kila siku tunasema ya kulia ni mbovu. Haikuwa mbovu. Ilikuwa peke yake."

Karanja aliendelea kuishika ile ya kushoto, kidole kingali ndani ya tundu, hadi Bramwel akalazimika kumwomba amrudishie.

"Jumanne nitampeleka mimi," Karanja alisema hatimaye. "Pikapu ipo."

"Nami nitakaa naye hapo kwenye mashine," Mungai akasema. "Ni hatua chache tu kutoka kazini. Hatua chache, Wamucii! Mbona hukuniita?"

"Mbona hukuja?" Wamucii aliuliza. Lilikuwa neno kali kuliko yote aliyowahi kumwambia kaka yake, na yeye mwenyewe lilimshtua.

Bramwel alifunga mauntingi tatu mpya, akawasha injini, kisha akaweka kikombe chake cha chai juu yake. Chai haikumwagika hata tone. Wote wanne walikiinamia kikombe kile, na Wamucii akalikumbuka lile daftari lake la zamani: kweli, figa moja haliinjiki chungu.